Sura ya Sita: Gesi Haiishi

Kaskazi ikishashika na Desemba ikaingia, mafundi wa AC wa Dar es Salaam hawapatikani kirahisi. Watu waliozima viyoyozi vyao tangu Juni, kusi ilipokuwa inavuma, huviwasha usiku mmoja wa fukuto na kukuta hewa inayotoka haina tofauti na ya pangaboi. Fundi anaitwa. Anafika, anatega kiganja mbele ya upepo, anatoka nje, anagusa bomba la shaba, anarudi na jibu.

"Mama, hapa gesi imeisha."

"Si uliijaza mwaka jana, fundi?"

"Ni kweli mama, lakini gesi nayo inatumika. Kila mwaka lazima tuongeze kidogo."

Mama analipa, chumba kinapoa, na Desemba inayofuata mazungumzo yanaanzia palepale yalipoishia. Ndivyo ilivyo Upanga, ndivyo ilivyo Nyali kule Mombasa, na wapo wenye nyumba walioiweka gharama hiyo kwenye bajeti ya mwaka pamoja na ada ya shule.

Shika hili moja kabla hatujaendelea: gesi ya kiyoyozi haitumiki. Petroli inaungua, gesi ya kupikia inaungua. Hii kazi yake ni kuzunguka tu. Imefungiwa ndani ya mabomba yaliyoungwa yakawa njia moja isiyo na mwanzo wala mwisho, na kiasi kilichowekwa siku ya kwanza ndicho kinachotakiwa kuwemo siku mashine inatupwa. Kama imepungua, kuna mahali inavuja, na fundi anayeongeza bila kupatafuta mahali hapo anakuuzia kitu kilekile kila mwaka. Na mara nyingi, hili ndilo linaloudhi zaidi, gesi yenyewe haikuwa imepungua. Ubaridi ulizibwa na uchafu, ambao fundi huyohuyo aliuosha kwanza, kabla hajafungua chupa yake. Chumba kilipopoa, sifa zikaenda kwa gesi.

Ili ubishane naye kwa adabu, yakupasa kujua mashine inafanya nini. Haitengenezi baridi, inahamisha joto. Bibi zetu walikuwa na nusu ya siri hii: maji ya mtungini hupoa kwa sababu udongo wa mtungi unatoa jasho, na jasho likikauka linaondoka na joto. Ndani ya lile boksi lililo juu ya kitanda chako mna bomba la shaba lililopindwapindwa katikati ya vibati vyembamba vya alumini. Mafundi huliita koili. Gesi inaingia humo ikiwa majimaji, nayo inachemka papo hapo, kwa kuwa yenyewe huchemka hata kwenye nyuzi chache tu juu ya sifuri. Ili ichemke inanyonya joto la hewa inayopita kwenye vibati. Kompresa iliyo nje inaivuta, inaigandamiza mpaka inakuwa ya moto kuliko hata jua la saa nane mchana, kisha koili ya nje na feni yake zinalitupa joto hilo uani. Gesi ikipoa inarudi kuwa majimaji na safari inaanza tena. Hapo ndipo mtungi unapoachwa nyuma: jasho lake likishakauka limekwenda, kiyoyozi jasho lake kinalirudisha.

Ukilielewa hilo, mgawanyo wa kazi unakuja wenyewe. Kuna hewa ya chumbani inayopita kwenye koili ya ndani, hewa ya nje inayopita kwenye koili ya nje, na maji yanayotoka. Njia hizo tatu ni zako mwenye nyumba, na hazihitaji zaidi ya brashi, sabuni na ndoo. Mabomba yenye gesi na nyaya za umeme ni vya fundi. Matatizo mengi ya kiyoyozi cha nyumbani huanzia kwenye zile njia tatu, ndiyo maana naandika sura hii na si orodha ya namba za simu za mafundi.

Kuhusu maji kwanza, maana wengi huona yakidondoka wakadhani ni ubovu. Mwaka 1902, injinia kijana wa Marekani, Willis Carrier, alibuni mfumo wa hewa kwa ajili ya kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, New York. Hakuna aliyemtuma awapoze wafanyakazi. Karatasi zilikuwa zinavimba na kunywea kwa unyevu, kwa hiyo rangi moja ikipigwa juu ya nyingine hazikai sawa. Kazi aliyopewa ilikuwa kuudhibiti unyevu wa hewa. Kwetu pwani kazi hiyo ya asili bado ni nusu ya raha yote, kwa sababu kinachotutesa usiku wa Machi ni jasho lisilokauka kuliko hata joto lenyewe. Kiyoyozi cha BTU 12,000, kile kinachowekwa kwenye vyumba vingi vya kulala, kinaweza kukamua zaidi ya lita moja ya maji kwa saa kwenye hewa nzito. Maji hayo yakitoka nje kwa wingi, mashine yako ni nzima. Siku yakikoma kabisa nawe bado unatoa jasho, ndipo uwe na wasiwasi.

Chujio

Zima kwa rimoti, kisha zima ile swichi kubwa ya ukutani yenye taa nyekundu. Rimoti peke yake haitoshi, kwa sababu mashine inabaki na umeme ndani yake hata ikiwa imelala. Tandika kanga kuukuu juu ya kitanda. Shika kingo mbili za kifuniko cha mbele, kiinue polepole mpaka kisimame chenyewe. Utaona nyavu mbili za plastiki kwenye fremu. Sukuma moja juu kidogo, itaachia. Ivute chini, uitoe bila kuitikisa.

Kama nyumba iko kando ya barabara ya vumbi na hujaligusa chujio tangu Idi, utatoa kitu chenye blanketi la kijivu unaloweza kulibandua kwa kucha likatoka kipande kizima. Ukilisogeza karibu na mwanga utaona limefumwa kwa vitu vya nyumbani mwako: nyuzi za shuka, nywele, poda ya mtoto, unga mwekundu wa barabarani. Kwenye nyumba zinazofukizwa udi kuna kitu cha ziada. Moshi wa udi na ubani una utomvu unaonata, nao ukikaa kwenye wavu hufanya vumbi ling'ang'anie kama limegundishwa, maji matupu yasiweze kulitoa. Hapo tumia sabuni ya kuoshea vyombo, loweka kidogo, pitisha brashi laini ya meno. Mwenye kupenda udi asiache udi wake. Aoshe chujio mara nyingi zaidi, na azime kiyoyozi wakati chetezo kinafuka.

Mimina maji kutokea upande wa nyuma, ule uliokuwa umeelekea koili, ili vumbi litoke kwa njia lililoingilia. Ukimimina kwa mbele unalishindilia kwenye matundu. Maji yasizidi vuguvugu, kwani ya moto hupinda plastiki, na jua nalo huipinda, kwa hiyo anika kivulini. Usirudishe likiwa bichi. Kwenye miezi ya kaskazi fanya hivi kila baada ya wiki mbili. Miezi mingine mara moja kwa mwezi inatosha. Mtoto wa darasa la sita akionyeshwa mara moja anaweza, mradi swichi imezimwa na kuna kiti kisichoyumba.

Chujio likiwa nje, washa tochi ya simu utazame koili iliyo nyuma yake. Vibati vinatakiwa kung'aa na mianya kati yake ionekane. Ukikuta vumbi limeingia humo, chukua brashi mpya ya rangi yenye nywele laini, piga kwa kufuata vibati, juu kwenda chini, bila kugandamiza. Kidole usitie, vibati hivyo vinakata kama wembe, na vyenyewe vinalala ukivigusa tu, na kibati kilicholala hakipitishi hewa. Wala usipulizie maji. Upande mmoja wa boksi, kwa mashine nyingi ule wa kulia, kuna bodi ya umeme, na bei ya bodi inakaribia kukushawishi ununue kiyoyozi kingine.

Chini ya koili, pale upepo unapotokea, kuna feni ndefu yenye umbo la bomba. Ukichungulia ukaona madoa meusi kwenye majani yake, hayo ni kuvu, nayo ndiyo chanzo cha ile harufu ya nguo zilizokaa mbichi inayokupokea ukiwasha. Watu hupulizia manukato kwenye matundu ya upepo. Manukato yanakwenda kunata kwenye koili, na kuvu linaendelea na shughuli zake chini yake. Dawa ni sevisi kamili: fundi anafunika boksi kwa mfuko mpana wa nailoni unaomwagia ndooni, anaikinga bodi, anaosha koili na feni kwa pampu ya maji. Mara moja kwa mwaka inatosha nyumba nyingi. Panga ifanyike Oktoba, mafundi wakiwa bado hawana haraka. Baina ya sevisi na sevisi kuna ujanja mdogo: kabla ya kuzima asubuhi, weka rimoti kwenye alama ya feni kwa robo saa. Koili inakauka, na kuvu halipendi pakavu.

Maji yanayorudi ndani

Hakuna kinachomuudhi mwenye nyumba kama kiyoyozi kinachodondoshea maji ukutani, rangi ikavimba, jipsamu ya dari ikaota ramani ya kahawia. Karibu kila mara chanzo ni kimoja. Maji yanayokamuliwa hudondokea kwenye sinia lililo chini ya koili, na kutoka hapo hushuka kwa mpira mwembamba hadi nje. Mpira ukiziba, sinia linafurika, na njia iliyobaki ni ukuta wako.

Unazibwa na nini? Utelezi, kwanza. Vumbi lililopenya chujio likikutana na maji yasiyokauka huota tope laini kama mlenda. Pili, wadudu: nyigu anayejenga kwa udongo huupenda mdomo wa mpira ulioachwa bila kazi tangu Juni. Tatu, watu wenyewe. Mpira umepinda kwa juu katikati ya safari yake, nayo maji hayajui kupanda kilima. Au mwisho wake umezamishwa ndani ya dumu la kukingia maji, na dumu likijaa, hewa iliyomo kwenye mpira inakosa pa kutokea, maji yanasita. Kukinga ni vizuri, mimi mwenyewe napigia deki maji hayo na kumwagilia maua. Yasinywewe, maana yameosha vumbi la chumba kizima. Ila mdomo wa mpira uachwe ukining'inia juu ya maji, usiguse.

Kuzibua, anza kwa nje. Vuta mpira uliolegea, uchokonoe mdomo kwa kijiti usipite kina cha kidole, kisha vuta kwa mashine ya kunyonya vumbi inayoweza kunyonya na maji, ukiziba mwanya kwa kitambaa. Wengine hunyonya kwa mdomo, na wanajua ladha yake. Maji yakianza kukimbia, mimina bilauri mbili za maji safi polepole kwenye sinia ukiwa umetoa chujio, uangalie kama yanatoka yote. Siki iliyochanganywa na maji husaidia kulegeza utelezi. Jiki iache: hula alumini, na ikikutana na siki hutoa gesi ya klorini, chumbani, madirisha yamefungwa.

Kama mpira ni safi na maji bado yanadondoka, tazama koili. Huenda imeota barafu, ambayo ikiyeyuka huanguka nje ya sinia. Barafu ina maana hewa haipiti vya kutosha au kweli gesi imepungua. Usiichokoe kwa kisu. Bomba la shaba lililo chini yake ni jembamba. Weka kwenye feni tupu mpaka iyeyuke, osha chujio, washa upya. Ikirudi ilhali kila kitu ni kisafi, hapo ndipo neno gesi linapopata haki ya kutajwa.

Boksi la nje

Lile la ndani linaoshwa, hili la nje linasahaulika, na kwenye miji ya pwani ndilo linalokufa kwanza. Upepo wa bahari unabeba chumvi. Chumvi ikitua mahali shaba na alumini zinapogusana, na unyevu ukiwepo, alumini inaliwa. Zunguka nyumba za ufukweni Kigamboni au Bahari Beach utazame nyuma ya boksi: vibati vimegeuka unga mweupe unaomomonyoka ukipitisha kidole. Koili ya namna hiyo haitupi joto, kompresa inahangaika, mita ya umeme ya LUKU inakimbia.

Kinga yake ni rahisi mno mpaka watu hawaiamini: maji baridi, kila mwezi au hata kila wiki mbili kwa aliye karibu na bahari. Zima kwenye swichi, ngoja feni isimame, mwagia kwa mpira wa bustani wenye nguvu ya kawaida, ukianzia juu. Usitumie mashine ya kuoshea magari, kwani inalaza vibati vyote kwa mpigo mmoja. Na chunguza maji yenyewe. Mitaa mingi ya Dar inatumia visima vya kuchimba ambavyo maji yake yana chumvi, na mwenye nyumba mwenye bidii anaweza kuoshea chumvi ya bahari kwa chumvi ya kisima, mwaka mzima, akijisifu. Maji ya bomba au ya mvua yaliyokingwa masika ndiyo yanayofaa.

Boksi hilo linahitaji pia nafasi. Limejengwa ili livute hewa kutoka nyuma na kuitupa mbele, kwa hiyo ukutani liachwe angalau upana wa kiganja, na mbele pawe wazi. Nondo za kuzuia wezi hazina neno, ukuta wa matofali mbele yake ni kuliua. Nimeona kanga za mtoto zimeanikwa moja kwa moja juu ya feni ya nje kwa kuwa hewa yake ni ya moto na nguo zinakauka upesi. Zinakauka kweli. Wakati huo chumba cha mtoto hakipoi.

Kuna na mjusi. Anafuata joto na sisimizi, anapenya kwenye tundu la nyaya, anakanyaga bodi au kiunganishi cha umeme, anakaukia hapohapo na kuizima mashine pamoja naye. Mwambie fundi azibe matundu yote ya nyaya kwa lakiri au silikoni, na usiku taa ya nje isikae juu ya boksi kuita wadudu ambao mjusi atawafuata.

Mabomba mawili yanayounganisha boksi hizi yamevishwa sponji nyeusi. Jua huichana, panya huitafuna. Likibaki wazi lile bomba nene, unapoteza ubaridi njiani na ukuta unalowa. Sponji mpya na utepe wake ni pesa ndogo. Ibadilishe mara inapoanza kuvunjika mkononi.

Umeme na namba za rimoti

Kiyoyozi cha kawaida cha BTU 12,000 kinakula karibu yuniti moja kwa kila saa ambayo kompresa inafanya kazi bila kupumzika. Neno la kushika ni hilo, bila kupumzika. Mashine chafu haipumziki, ndiyo maana uchafu unaonekana kwenye LUKU kabla haujaonekana kwenye joto la chumba.

Kuweka 16 hakuharakishi chochote. Chumba kikiwa cha moto kompresa inakwenda kwa nguvu zake zote uwe umeweka 16 au 24. Tofauti ni kwamba kwenye 16 haitafika, itakesha ikijaribu, na wewe saa tisa usiku utakuwa unatafuta blanketi. Weka 24 au 25, washa pangaboi kwa mwendo wa chini, ziba mwanya wa chini ya mlango kwa kitambaa kilichokunjwa. Madirisha yenye wavu wa mbu na vioo visivyofunga vizuri yanaingiza hewa yenye unyevu usiku kucha, na unaulipia kuukamua. Na kabla hujamwita mtu, angalia rimoti: alama iwe ya theluji, siyo ya jua. Kuna safari za mafundi zilizolipiwa kwa kosa hilo.

Umeme ukikatika, zima kwenye swichi ya ukutani. Kompresa ikisimama, shinikizo la gesi linahitaji kama dakika tatu kujisawazisha. Ikilazimishwa kuondoka kabla ya hapo inasukuma mzigo isiouweza na kuungua. Mashine za siku hizi zina saa yake ndani, za zamani hazina. Tatizo baya zaidi ni umeme unaorudi ukiwa juu au ukiwa dhaifu, taa zikifumba na kufumbua. Kifaa cha kulinda AC, kinachokata umeme ukitoka nje ya kiwango na kusubiri kabla ya kuurudisha, ni cha kununua siku ileile ya kununua kiyoyozi.

Fundi akija

Sasa turudi kwa yule aliyegusa bomba na kutoa hukumu. Kabla hajaja, fanya kipimo chako. Osha chujio, funga madirisha, washa kwa robo saa. Kwa kipimajoto cha kawaida cha chumbani, siyo cha homa, pima hewa inayoingia kwa juu ya boksi, kisha inayotoka kwa chini. Tofauti ikiwa kati ya nyuzi 8 na 12, gesi ipo ya kutosha, asikuambie vinginevyo. Hewa ikiwa na unyevu mwingi sana tofauti hushuka kidogo. Ikiwa 3 au 4 na kila kitu ni kisafi, mkaribishe ndani.

Fundi mzuri haongezi gesi kwa kugusa. Anafunga geji na kusoma shinikizo. Akiona limepungua, swali lake la kwanza ni imepitia wapi, na anaanza kwenye maungio yaliyo nyuma ya boksi zote mbili, kwa sababu huko ndiko nati zilikokazwa vibaya. Anatafuta doa la mafuta, maana mafuta ya kompresa husafiri na gesi na kutoka nayo. Anapaka povu la sabuni, anatazama linapopumua. Akishaziba, anaunganisha pampu ya kunyonya hewa na kuiacha ivute hewa na unyevu wote uliomo kwenye mabomba, ndipo anaweka gesi kwa kuipima kwenye mizani. Kiasi kimeandikwa kwenye kibandiko cha boksi la nje, kwa gramu au kilo, na kwa viyoyozi vingi vya chumbani hakifiki kilo moja au kinaizidi kidogo. Asiye na mizani anakisia. Gesi ikizidi ni hasara sawa na ikipungua.

Kwenye kibandiko hichohicho kuna jina la gesi, na hapa usikubali mzaha. R22 ni ya mashine za zamani. Inakula tabaka la ozoni, na chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987 nchi zinazoendelea zinatakiwa kuachana nayo ifikapo 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha kuhudumia mashine zilizopo. Ndiyo maana inazidi kuadimika. R410A ilikuja baada yake, na shinikizo lake ni kubwa zaidi kwa mbali, kwa hiyo ukiiweka kwenye mashine ya R22 unaiharibu. Haigusi ozoni, lakini kilo moja ikitoroka inalipasha anga joto kama zaidi ya tani mbili za hewa ya ukaa. Ni gesi za jamii hiyo ambazo nchi za dunia zilikubaliana kuzipunguza zilipokutana Kigali, Rwanda, Oktoba 2016. Mashine mpya nyingi zinakuja na R32, ambayo madhara yake kwa anga ni karibu theluthi moja ya yale ya R410A, ila nayo inaweza kushika moto. Fundi akiwa na sigara mdomoni, au akitaka kuchomelea bomba ambalo bado lina gesi, msimamishe. Aliyesomea kazi hii kwenye chuo cha ufundi cha VETA hatakasirika kuulizwa, na asiyeisomea ni bora akasirike.

Muulize mambo matatu kwa upole: gesi gani utaweka, ilikuwa inavuja wapi, mizani iko wapi. "Fundi, nionyeshe palipovuja nami nijue" ni sentensi isiyomvunjia mtu heshima, na inapunguza bei.

Wapangaji wana jambo lao moja. Wengi wa Dar wananunua kiyoyozi chao na kuhama nacho, na siku ya kuhama ndiyo gesi nyingi hupotea. Mabomba yakikatwa hivihivi inatoka yote kwa sekunde chache, kisha fundi wa nyumba mpya anajaza upya kwa pesa yako. Hakuna ulazima. Mashine ikiwa inapoza, fundi anafunga vali ya bomba jembamba kwenye boksi la nje, anaiacha kompresa ivute gesi yote irudi ndani ya boksi hilo, geji ikikaribia sifuri anafunga ya bomba nene na kuzima papo hapo. Gesi inasafiri imefungiwa humo. Kule inakokwenda, mabomba yanavutwa hewa kwa pampu kwanza, ndipo vali zinafunguliwa. Na hakikisha amerudisha vile vifuniko viwili vya shaba vya vali na kuvikaza kwa spana. Fundi mwenye haraka huviacha kwenye kidirisha, navyo ni sehemu ya kuzuia gesi isivuje.